Fahamu: Kwa nini mba haukomi kwa kupaka mafuta

Msusi akishafumua misuko iliyokaa kichwani wiki 6, mabega ya mteja hujaa unga mweupe na vidole haviachi kukuna. Wengi hukimbilia mafuta ya nazi. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Mba si uchafu, wala hauambukizi. Kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima huishi fangasi aitwaye Malassezia, na chakula chake ni mafuta ya ngozi hiyo. Akiyala hubakiza asidi, ambayo kwa baadhi ya watu huwasha na kuifanya ngozi ibanduke haraka kuliko kawaida. Ukiongeza mafuta, mara nyingi unamlisha.

Kinachosaidia ni shampuu yenye ketokonazoli, inayopatikana maduka ya dawa. Usiisuuze upesi: povu likae kichwani dakika 3 hadi 5, mara 2 kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4. Nywele za kipilipili hukauka upesi, hivyo mara 1 kwa wiki huzitosha. Mafuta yapakwe kwenye nywele, si kwenye ngozi.

Lakini mtoto mwenye mabaka kichwani yaliyonyonyoka nywele huenda ana mapunye, si mba. Hayo huambukiza na huhitaji dawa ya kunywa. Mpeleke zahanati.