SHAUKU



Jumapili moja baada ya ibada hapa Ikutha, mama mmoja mzee alinishika mkono mlangoni, asiuachilie. Akaniambia, "Mchungaji, leo umetuhubiria tuwe na shauku kwa Mungu. Mimi niliokoka zamani, nikaimba Tukutendereza mpaka sauti ikakauka. Siku hizi nikiomba ni kama kusema na ukuta. Hiyo shauku sina. Je, nimeachwa?"

Swali hilo lilinifuata hadi nyumbani, kwa maana mimi ndimi niliyelitumia neno lile mara nyingi asubuhi ile bila kulieleza.

Shauku ni neno ambalo Waswahili wa pwani walilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ni hamu kubwa ya kitu au mtu usiye naye. Lina majirani zake, na sisi wahubiri huwachanganya. Uchu ni wa tumbo na mwili. Mtu aliyekaa muda mrefu bila nyama ana uchu. Ashiki ni mapenzi yawakayo. Ari ni ya mtu asiyekubali kuaibika, kama mwanafunzi aliyeanguka mtihani akaurudia. Bidii huonekana mikononi. Na wivu, ambao tunaujua kwa ubaya wake tu, ndilo neno lililotumiwa katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 kueleza moto uliokuwa ndani ya Bwana Yesu alipowafukuza wafanya biashara hekaluni. Vijana wa kipaimara hushangaa sana wakilikuta hapo.

Lakini shauku hutumika penye upungufu. Mtume Paulo akiwa kifungoni aliwaonea shauku Wafilipi kwa kuwa walikuwa mbali naye. Vivyo hivyo mwenye Zaburi ya 42, anayejifananisha na ayala atafutaye maji. Ayala hatunaye hapa kwetu. Mfikirieni paa wakati wa kiangazi. Hakuna paa aoneaye maji shauku akiwa amesimama mtoni, maji yakimfika magotini. Mtu yule wa Zaburi alikuwa mbali na hekalu, analia usiku na mchana, na watu wanamwuliza Mungu wake yuko wapi.

Hapa Ukambani jambo hili tunalielewa kuliko watu wengi. Mto Tiva ukikauka twachimba mchanga, na shimo huzidi kwenda chini kadiri miezi inavyopita. Mwaka 1851 Daktari Krapf, mmisionari wa C.M.S., yule ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882 baada ya kufa kwake, alijifunza hayo kwa taabu. Alikuwa safarini na Kivoi, mkubwa wa Kitui, karibu na mto Tana, wakashambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa. Krapf akakimbia peke yake. Alipofika mtoni alikunywa, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu, akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki. Kisha akashika njia ya kurudi, akitembea usiku. Maji yakamwagika vichakani.

Kiu ilipomzidi alifika kwenye mkondo mkavu wa mchanga, akasikia kelele za nyani. Sisi wakulima tukisikia kelele hizo twakimbilia shambani na mawe! Yeye alifurahi, akijua kwamba penye nyani, tena bondeni, hapakosi maji. Akaufuata mkondo, akakuta shimo ambalo nyani walikuwa wamelichimba mchangani, na maji ndani yake. Akamshukuru Mungu, akanywa, akaifunga baruti katika leso ili pembe yake ya baruti ipate kutiwa maji.

Tazameni, kiu yake haikuleta maji. Ilimfanya asikilize tu. Mtu aliyeshiba maji angepita pale asitambue neno lolote katika kelele zile.

Basi nilirudi kwa mama yule siku ya Jumatano. Nilimkuta akishusha mitungi ya maji kutoka kwa punda. Nikamwuliza, "Mama, kama huna shauku, ni kitu gani kilichokufanya unishike mkono Jumapili?" Akanyamaza. Nikamwambia kwamba mtu aliyemsahau Mungu hasumbuki kwamba Mungu yuko kimya. Nilimwomba radhi pia, maana nilikuwa nimelihubiri neno la wenye kiu kana kwamba ni sifa ya walioshiba.

Hakulia, wala hakushangilia. Alinikaribisha uji, tukasoma pamoja Zaburi ya 42 na ya 43, ambako mwimbaji anaiuliza nafsi yake swali moja mara tatu. Aliponisindikiza aliniomba nirudi tena Jumatano inayofuata, tusome nyingine.

Bwana awe nanyi.