Adabu ya Spika

Mkahawa wa Lion ulioko Shibuya, Tokyo, ulifunguliwa mwaka 1926, ukateketea katika mashambulizi ya ndege mwaka 1945, ukajengwa upya mwaka 1950. Viti vyake havizunguki meza. Vimeelekezwa upande mmoja kama vya abiria wa basi, vikitazama spika kubwa mno za mbao. Mazungumzo hayaruhusiwi, na kupiga picha ni marufuku. Mteja huagiza kahawa kwa sauti ya chini, akatulia, akasikiliza Bach au Beethoven.

Mgeni huona huo ni ukali. Kwa wenyeji ni adabu, na adabu hiyo ilizaliwa na uhaba. Baada ya vita, santuri kutoka Marekani ziliuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi wala karani kijana asingeimudu. Nyumba nazo zilikuwa finyu, kuta nyembamba. Hata angejaliwa amplifaya ya maana, majirani wasingelala. Basi mwenye mkahawa akaibeba gharama: yeye alinunua santuri na mitambo, wateja wakalipa kahawa. Miongoni mwa mikahawa hiyo ya kusikilizia, ile ya jazi ilishamiri hasa baada ya mpiga ngoma Art Blakey kuzuru Japani na bendi yake mwaka 1961. Hata mwandishi Haruki Murakami, kabla ya kuandika riwaya, alikuwa na mkahawa wake wa jazi.

Desturi za mikahawa hii zilifanana. Mteja aliomba santuri, akapigiwa upande mmoja tu, dakika 20 hivi, kwa kuwa wengine nao walingoja zamu. Jalada liliwekwa pa kuonekana ili asiyeijua bendi asilazimike kuuliza. Kwa kikombe kimoja mtu alikaa saa nzima na zaidi, wala hakuna aliyemkunjia uso.

Katika mazingira hayo, mtambo mzuri haukuwa pambo la tajiri. Chukua spika ya Paragon ya kampuni ya JBL, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1957 na kutengenezwa hadi 1983. Ni kabati moja la mbao lenye urefu wa karibu meta 2.6 na uzito unaozidi kilo 300, na nyingi ziliishia Japani. Wapo wasemao kwamba umbo lake ni madoido ya kupandishia bei. Siwaungi mkono. Ule ubao wa mbele uliopinda, unaowafanya watu wapitishe kiganja juu yake, ndio unaozipokea sauti za kulia na kushoto na kuzitawanya chumbani, hata aliyeketi pembeni apate haki yake. Spika nyingi za kifahari zimekusudiwa mtu mmoja kwenye kiti kimoja. Hii ilifaa kwa hadhira.

Huko Ichinoseki, mkoani Iwate, Shoji Sugawara, aliyewahi kuwa mpiga ngoma, alifungua mkahawa wa Basie mwaka 1970. Alizirekebisha spika zake za JBL miaka nenda miaka rudi, na watu walisafiri kutoka mbali kwenda kuzisikia.

Walkman ya mwaka 1979 na diski za CD zilipoufikisha muziki mifukoni, mikahawa mingi ilifungwa na mapenzi ya mitambo yakajifungia majumbani. Wako Wajapani waliosimikiwa nguzo ya umeme na transfoma yao wenyewe, ili friji ya jirani isiwachafulie umeme na hivyo sauti. Hapo mimi naachana nao. Si kwamba wanadanganya kuhusu wanachosikia, bali chombo kilichokusanya mtaa sasa kinamkimbia jirani.

Mkahawa wa jazi wa Chigusa, Yokohama, uliofunguliwa na Mamoru Yoshida mwaka 1933, ulienda njia nyingine. Santuri zake ziliteketea mabomu yalipoupiga mji mwaka 1945, akaanza upya, na kijana Toshiko Akiyoshi, mpiga piano ambaye baadaye alivuma Marekani, alijifunza jazi kwa kusikiliza humo. Yoshida alifariki mwaka 1994. Mkahawa ukaendelea hadi 2007, kisha ukafungwa. Wateja wa siku nyingi wakaokoa santuri na mitambo, na mwaka 2012 wakaufungua tena katika kitongoji kilekile cha Noge.