Akagera: Simba walikwisha tulipofika sisi

Tulivuka Rusumo mwaka 1996 tukitoka Karagwe, Tanzania, tukiswaga ng'ombe 11. Nilikuwa kidato cha pili. Wenzangu mliorudi miaka ile mnakumbuka shida ya ardhi. Mwaka 1997 serikali ililimega eneo la Hifadhi ya Akagera, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1934, na zaidi ya nusu yake ikatolewa kwa ajili ya watu na mifugo.

Simba hakuambiwa kwamba mpaka umehama. Alipokula ndama wetu, jirani alitia sumu ya wadudu kwenye mzoga. Asubuhi tulikuta hata tai wamekufa pembeni. Hatukuona haya, ndama yule ndiye aliyekuwa karo yangu.

Wafugaji wengi walifanya hivyo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba wa Akagera wakawa wamekwisha. Faru naye alionekana mara ya mwisho mwaka 2007. Faru hao asili yao ni kama yetu: wa kwanza waliletwa mwaka 1957 kutoka huko huko Karagwe.

Mashirika ya kimataifa ya kuhifadhi wanyama hayakuwa mageni nchini. WWF, lililoanzishwa mwaka 1961, lilijiunga na mengine mwaka 1979 katika mradi wa kuwaokoa gorila wa milimani. Mwaka 1981 gorila wa Virunga walihesabiwa 254; hesabu ya 2015 na 2016 ikatoa 604. Kazi hiyo siibezi. Lakini kwetu mashariki, mwenye ng'ombe hakuulizwa neno.

Mwaka 2010 shirika la African Parks liliingia ubia na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda kuiendesha Akagera. Kwanza ulijengwa uzio wa umeme wa kilomita 120, ukakamilika mwaka 2013. Ndipo Julai 2015 wakaletwa simba 7 kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2017 faru weusi 18. Uzio kwanza, simba baadaye: hapo ndipo ninapowasifu. Serikali nayo ilianza mwaka 2005 kuwapa majirani wa hifadhi asilimia 5 ya mapato ya utalii, na tangu 2017 ni asilimia 10. Nyinyi mnaopitisha mizigo Kayonza mmeyaona magari ya watalii. Fedha zenyewe ni hizo.

Si kwamba kila mtu ameridhika. Kiangazi kikikaza, mfugaji husimama kwenye uzio akitazama maji na majani yaliyo upande wa pili.

Simba wale wamezaliana. Nilipowapeleka wanafunzi wangu kuwaona, mmoja aliuliza wale wa zamani walikwenda wapi. Mwongozaji, kijana mdogo, akanitazama mimi. Nikawaeleza habari ya ndama.