Mikate ya Ndizi na Karanga kwa Mtoto Aliyeacha Ziwa

Mtoto akiachishwa ziwa, mara nyingi tunampa bugali ya muhogo na mchuzi kidogo. Tumbo linajaa, lakini mwili haujengwi. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, chakula cha kujenga mwili (protini) hakizidi gramu 2.

Kisha miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu, mtoto ananuna na kukataa chakula. Jirani anasema: «Amenona.» Hapana, hajanona. Ni bwaki. Daktari Cicely Williams aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1933 huko Gold Coast (leo Ghana). Mwaka 1935 aliuita kwa jina la wenyeji, kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa. Chakula cha namna moja tu, pamoja na kuhara na surua, vinaufungulia mlango.

Mama atauliza: «Nitapata wapi feza ya nyama kila siku?» Tuangalie shamba letu. Huko Ulaya na Marekani wengine huoka mikate midogo ya ndizi na unga wa lozi. Gramu 100 za lozi zina protini karibu gramu 21. Karanga zetu zina karibu gramu 25! Basi tuoke na karanga.

Tafuta vitu hivi:
– ndizi 3 tamu, zilizoiva sana
– mayai 2
– vikombe 2 vya karanga zilizokaangwa na kutwangwa laini
– nusu kikombe cha unga wa mahindi
– chumvi kidogo

Fanya hivi:
1. Nawa mikono kwa sabuni. Ponda ndizi.
2. Piga mayai mpaka yatoe povu mingi, kusudi mikate isiwe mizito. Changanya vyote. Hakuna lazima ya sukari, sababu ndizi ni tamu.
3. Paka mafuta ndani ya makopo madogo safi, ujaze nusu tu.
4. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, uipashe moto juu ya mbabula. Panga makopo juu ya mchanga, funika, weka makala ya moto juu ya kifuniko.
5. Mbele ya kutoa, ngoja karibu nusu saa. Chomeka kijiti: kikitoka kikavu, mikate imeiva.

Angalia sana! Karanga zenye ukungu zitupe. Sumu yake inaharibu maini, na moto hauiondoi. Usimpe mtoto mdogo karanga nzima, zinaweza kumkaba. Siku ya kwanza mpe kipande kidogo. Kama uso unavimba au anapumua kwa shida, kimbia naye hospitali.

Mtoto wa mwaka mmoja mpe mkate uliolainishwa ndani ya uji. Mpe pia lengalenga, maharagi na samaki. Na ziwa? Usiliondoe upesi. Endelea kunyonyesha mpaka miaka 2, hata zaidi.

Lakini mtoto aliyekwisha kuvimba miguu, mikate hii haitamponyesha. Usingoje siku ya kliniki. Mlete leo. Mungu ametupatia shamba, tena ametupatia macho ya kumwangalia mtoto kila asubuhi.