Shahada ya sanaa za maonyesho: Mwanafunzi husoma nini hasa?

MZAZI aliyejinyima ili mwanawe afike chuo kikuu hushtuka anaposikia kuwa kijana amechagua kusomea sanaa za maonyesho. Huuliza: kuna haja gani ya kukaa darasani miaka mitatu kwa ajili ya kuigiza?

Swali hilo lina msingi. Wapo waigizaji wengi wanaotamba nchini bila kupitia chuo chochote, na shahada haimpi mtu kipaji asichokuwa nacho.

Hata hivyo, masomo hayo yalipoanzishwa Mlimani mwaka 1967, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hayakukusudiwa kuzalisha waigizaji pekee.

Ebrahim Hussein alikuwa miongoni mwa waliosoma hapo miaka hiyo. Tamthilia yake ya Kinjeketile, inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ilichapishwa mwaka 1969 na imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari. Penina Muhando, mwandishi wa Hatia (1972), na Amandina Lihamba walifundisha katika idara hiyo hadi kufikia uprofesa.

Mwanafunzi hujifunza kuigiza, kuongoza mchezo, kuandika tamthilia na kuchambua historia ya maonyesho, zikiwamo ngoma na usimulizi wa hadithi. Nadharia huandikwa kwenye karatasi, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika jukwaani, mbele ya watu, ambako asiyejiandaa hana pa kujificha.

Eneo ambalo wazazi wengi hawalifahamu ni sanaa za maonyesho kwa maendeleo, na pengine ndilo lenye uzito zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahadhiri wa Mlimani walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo yao, likiwamo la mimba za wasichana, kisha wanakijiji wenyewe wakatunga maonyesho kwa ngoma na maigizo yao. Baada ya onyesho, watazamaji walijadili nini kifanyike.

Njia kama hiyo ilitumika katika mradi wa Tuseme ulioanzishwa mwaka 1996 katika shule za sekondari. Wasichana waliozoea kunyamaza walitaja vikwazo vinavyowarudisha nyuma kimasomo, wakaviigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Jambo ambalo binti asingethubutu kumwambia mwalimu mkuu ofisini, aliweza kulisema akiwa ndani ya mhusika. Baadaye shirika la FAWE liliueneza mradi huo katika nchi nyingine za Afrika.

Stadi hizo ndizo humwezesha mhitimu kufanya kazi katika redio, televisheni, mashirika ya afya na elimu, au kufundisha. Ajira yenye mshahara wa kila mwezi katika kuigiza pekee ni adimu, na ni vyema mwombaji akalijua hilo kabla ya kuchagua.

Kwa anayetaka zaidi ujuzi wa kutenda kuliko utafiti, ipo njia ya Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa huko mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), hutoa mafunzo ya ngazi za cheti na stashahada.