Kuzijua Hulka za Watu (2): Ndugu Wawili wa Tumbo Moja

Juma lililopita tuliishia kwa Carl Jung, daktari wa Uswisi ambaye kitabu chake cha 1921 kiliwagawa watu kwa upande ambao nguvu ya nafsi yao huelekea: nje, kwa watu na vitu, au ndani, kwenye mawazo yao wenyewe. Wengi hudhani mtu wa ndani ni mwenye aibu. Sivyo. Aibu ni hofu ya macho ya watu. Mtu wa ndani aweza kuhubiri mbele ya kanisa lililojaa bila kutetemeka. Akimaliza hutafuta pa kujitenga apumzike, hali mwenzake wa nje ndiyo kwanza anachangamka.

Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, waliyapanua mawazo hayo hadi kufikia aina 16. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Isabel alianza kutunga maswali ya kumsaidia mtu kupata kazi inayomfaa. Wanachopima si uwezo bali mwelekeo: anayetumia mkono wa kulia aweza kuandika kwa wa kushoto, ila kwa taabu. Tatizo ni kwamba watu wengi wako katikati, na maswali hayo huwalazimisha kuangukia upande mmoja. Ndiyo maana wengi wakiulizwa tena baada ya majuma machache hutoka na aina nyingine. Kwangu mimi yanafaa kuanzishia mazungumzo, si kumchagulia mtu kazi, sembuse mke.

Sasa tuje kwetu Kisangani. Kwenye maporomoko ya Boyoma, Wagenia husimika magogo marefu katikati ya maji makali na kuyafungia vikapu vikubwa vya kunasia samaki. Hakuna awezaye kazi hiyo peke yake. Mgeni akiwatazama wakiitana na kuvutana kwa kelele, ataandika kwamba Wagenia ni watu wa nje. Atakuwa ameeleza kazi yao, hulka hajaigusa. Aende nyumbani kwao jioni: huenda ndugu wawili wa tumbo moja wakawa wametengana, mmoja gumzoni, mwingine akisuka kikapu bila neno. Hapo ndipo swali la Jung linapoanzia.

Wataalamu wa enzi ya Wabelgiji hawakuanzia hapo. Profesa André Ombredane alichukua kipimo cha Henry Murray wa Marekani, ambacho humwonyesha mtu picha na kumtaka aitungie hadithi, akaandaa picha mpya zenye watu na mazingira ya Kongo. Hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini kazi yake iliyochapwa mwaka 1954 ilitafuta fikra za Weusi wa Kongo kwa ujumla, kana kwamba taifa zima lina nafsi moja!

Mwaka 1971 serikali ilipoviunganisha vyuo vikuu vya nchi, kitivo cha saikolojia na elimu kiliwekwa hapa Kisangani, na leo kimo katika Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS). Mkongomani akaanza kuwa mpimaji, si mpimwaji tu.

Juma lijalo: kipimo cha sifa kuu tano, kinachoheshimiwa zaidi na wataalamu wa leo, na jinsi watafiti walivyokipeleka kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, wakaripoti mwaka 2013 kwamba zile tano hazikujitokeza.