Talaka Hudai Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hiyo yawahusu mno wanandoa wanaotalikiana.

Wengi huamini kwamba ndoa ikivunjika mali hugawanywa nusu kwa nusu. Sivyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 huigawa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Aidha, mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba usawa unaotajwa katika Kifungu cha 45 cha Katiba haumpi yeyote nusu ya mali pasi na kuthibitisha mchango wake.

Hapo ndipo neno 'mchango' linapotupotosha. Katika mazoea yetu ya harambee, mchango ni fedha. Sheria imelipanua neno hilo: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kilimo katika shamba la familia na usimamizi wa biashara, yote ni mchango.

Tatizo ni ushahidi. Mwalimu aliyekatwa mshahara kulipia kiwanja ana hati za kuonyesha. Je, mwenzake aliyetumia wake kununua unga na kulipa karo ana nini?

Basi, ndugu msomaji, hifadhi stakabadhi zako ndoa ingali njema. Na talaka ikishatolewa, chunguza ni mikopo ipi uliyomdhamini mwenzio, na ni nani uliyemwandika kuwa mrithi wa akiba yako chamani. Talaka huvunja ndoa; haifuti saini.